Kuskani slaidi za sanaa: kosa likionekana kwenye skrini, limeanzia wapi?

Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi, yaani vipande vya filamu yenye picha vilivyowekwa kwenye fremu, mwaka 2004. Maabara ya mwisho iliyokuwa bado inasafisha (yaani kutoa picha kwa kemikali) filamu za Kodachrome, Dwayne's Photo ya Kansas nchini Marekani, ilipokea roli za mwisho Desemba 2010. Slaidi za sanaa zilizojaa kwenye makabati ya vyuo, makumbusho na nyumba za wasanii zimebaki na njia moja ya kuwafikia watu wengi, nayo ni kuskaniwa. Kazi huanza vizuri, kisha dalili zinajitokeza moja baada ya nyingine: wekundu, miduara, majina yasiyolingana na picha.

Mwongozo huu unafuata dalili hizo jinsi zinavyoonekana. Mifano mingi ni ya kazi za kwetu: michoro ya Tingatinga, vinyago vya Kimakonde, milango ya Unguja, michoro ya miambani ya Kondoa. Picha nyingi za kazi hizo zilizopigwa kati ya miaka ya 1960 na 1990 ziko kwenye slaidi, na baadhi ya kazi zenyewe hazipo tena.

Kanuni moja inatangulia zote. Usiguse programu ya kurekebisha picha kabla hujairudia slaidi yenyewe. Iweke juu ya meza ya mwanga na uitazame kwa lenzi inayokuza mara nane au kumi. Kasoro ikionekana hapo, iko kwenye filamu au ilikuwapo tangu siku ya kupiga picha, na kuskani upya hakutaiondoa. Isipoonekana, kosa ni la skana au la faili. Wengi huruka hatua hii kwa sababu ya haraka, kisha wanakesha wakirekebisha kwenye kompyuta kitu ambacho brashi ndogo ingekimaliza.

Picha nzima imekuwa nyekundu, waridi au ya chungwa

Kuna vyanzo viwili vinavyofanana machoni, ila tiba zake ni tofauti kabisa.

Cha kwanza ni filamu kufifia. Slaidi ya rangi ina tabaka za siani (bluu-kijani), majenta (waridi-zambarau) na njano. Kwenye Ektachrome za zamani, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, zile za kabla ya mfumo wa kusafisha wa E-6 kuingia katikati ya miaka ya 1970, siani hufifia mapema hata slaidi ikikaa gizani ndani ya kabati, na kinachobaki ni wekundu. Walioathirika zaidi ni wenye seti za slaidi zilizouzwa kwa ajili ya kufundishia: nyingi zilichapwa kwenye filamu ya kunakilia sinema, na leo zimekuwa waridi tupu. Kodachrome hustahimili giza kuliko zote, lakini hufifia haraka ikimulikwa na projekta. Kwa hiyo slaidi iliyorushwa ukutani kila muhula inaweza kuwa imepauka ilhali ya pembeni yake, iliyopigwa siku hiyohiyo na haikutumika, bado ni nzima.

Chanzo cha pili ni taa. Filamu ya mwanga wa mchana ikitumika ndani chini ya balbu za kawaida, picha hutoka ya chungwa. Chini ya taa za mirija hutoka na ukijani. Filamu iliyotengenezwa kwa taa za studio ikipelekwa juani, picha huwa ya bluu.

Ili kuvitofautisha, tazama ukingo wa filamu wenye matundu, uliofichwa na fremu. Sehemu hiyo haikupigwa na mwanga ndani ya kamera, hivyo kwenye slaidi inatakiwa iwe nyeusi kabisa. Fungua fremu ya plastiki taratibu na ulaze filamu juu ya meza ya mwanga. Ukingo ukiwa mweusi ti huku picha ni ya chungwa, chanzo ni taa. Ukingo ukiwa wa kahawia au mwekundu, rangi zimefifia. Ninakishikilia kipimo hiki kuliko vingine vyote kwa sababu ukingo hauna mchoro wa kuchanganya macho. Hakifai tu kwa zile seti za kununuliwa zilizochapwa kwenye filamu ya sinema, maana kwenye filamu hiyo sehemu isiyopigwa mwanga hubaki angavu; kwa hizo tazama mahali penye weusi mwingi zaidi ndani ya picha.

Kosa la taa hutibika kirahisi. Sawazisha weupe kwenye picha moja, kisha mpangilio huohuo utumie kwa roli nzima iliyopigwa mahali hapo. Kufifia kunataka kazi. Skani kwa biti 16 kwa kila rangi, marekebisho yote ya skana yakiwa yamezimwa, na faili hiyo iwe nakala mama pamoja na wekundu wake. Halafu, kwenye nakala nyingine, fungua chaneli moja moja, yaani ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Siani ndiyo inayozuia mwanga mwekundu, kwa hiyo ikififia chaneli nyekundu hubaki nyepesi isiyo na giza. Isogeze mpaka weusi wake ulingane na wa chaneli ya kijani na ya bluu, na sehemu kubwa ya picha itarudi.

Kitufe cha kurudisha rangi kwa mara moja usikiamini kwenye kazi za sanaa. Programu nyingi hukisia kwamba wastani wa picha ni kijivu. Kwa picha ya harusi hilo linaweza kukubalika. Kwa mchoro wa Tingatinga wenye usuli wa rangi moja kali, programu itaila rangi hiyo ikidhani ni kasoro. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na ukali wa rangi ni sehemu ya kazi yenyewe. Mchoro ukiwa bado upo, upige picha leo pamoja na kadi ya vipimo vya rangi, uwe rejea. Ukiwa haupo, andika kwenye rekodi kwamba rangi za nakala iliyorekebishwa zimekisiwa. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya Paa Ya Paa, nyumba ya sanaa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Kazi ikipotea namna hiyo, slaidi yake inaweza kuwa shahidi pekee, na shahidi halishwi maneno.

Slaidi inaonekana sawa kwa macho, ila skana inaitoa ya bluu

Angalia fremu imeandikwa nini. Ikiwa ni Kodachrome, chanzo ndicho hicho: skana nyingi zimepangwa kwa filamu za E-6, na rangi za Kodachrome husomwa tofauti. Fremu ikiwa imebadilishwa, inamisha filamu chini ya taa. Upande wa Kodachrome wenye utando unaoshika picha huonyesha picha kama imechongwa kidogo. Chagua mpangilio wa Kodachrome ndani ya programu, au tengeneza profaili ya rangi (maelezo ya jinsi rangi zinavyotakiwa kusomwa) kwa kadi ya kipimo iliyopigwa kwenye Kodachrome. Hizo skani kwa kundi lake, usizichanganye na nyingine kwenye trei moja.

Weusi wa kinyago umejaa chembechembe za rangi

Kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kikipigwa picha mbele ya kitambaa cheusi, ni mtihani mgumu kwa skana yoyote. Weusi wa slaidi ni mzito kuliko uwezo wa skana nyingi za mezani, na pale skana inaposhindwa kuona, inajaza chembe zisizokuwapo. Kwa lenzi utakuta mikunjo ya mwili na alama za patasi zote zipo kwenye filamu. Washa usomaji wa mara nyingi, ambapo skana hupitia mstari uleule mara 4 au 8 na kuchukua wastani. Au, kama programu ina uwezo huo, iskani mara mbili kwa mwanga tofauti na kuziunganisha. Kwa anayetumia kamera na lenzi ya makro badala ya skana, piga mbili au tatu, moja ikiwa na mwanga mwingi zaidi, kisha ziunganishe. Usipandishe mwangaza baadaye ndani ya programu, kwani chembe zitapanda nao.

Vumbi, nywele na mikwaruzo

Pulizia kwa pampu ya mpira, pitisha brashi laini, skani. Usipulizie kwa mdomo, kwa sababu mate yakitua kwenye filamu huacha doa. Alama ya kidole au mafuta hutoka kwa kimiminika cha kusafishia filamu au kwa pombe ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 98 na zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji mengi.

Skana nyingi za filamu zina njia ya kufuta vumbi kwa miale ya infraredi, maarufu kwa jina la Digital ICE. Inafanya kazi vizuri kwenye filamu za E-6 kwa sababu rangi zake hupitisha infraredi na vumbi halipitishi. Filamu ya nyeusi na nyeupe ina chembe za fedha, nazo huzuia infraredi kama vumbi linavyozuia. Matokeo yake skana hufuta picha yenyewe: kingo za mchongo huyeyuka, na michirizi mifupi huonekana pasipo kitu. Kodachrome nayo huleta matatizo ya aina hiyo kwenye skana nyingi. Ukiona kingo zimelainika ajabu, zima njia hiyo, skani tena, linganisha.

Kuna utando kama wa buibui

Hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa pwani ndiyo adui mkuu. Inakula jelatini, yaani utando uleule unaoshika picha, na hushamiri unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu. Itenge slaidi hiyo na nyingine papo hapo. Fanya kazi ukiwa na barakoa, mbali na kabati. Maji hayaruhusiwi hata tone, kwa sababu jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kwenye maji na picha inaondoka nayo. Tumia kimiminika cha kusafishia filamu, kwa mkono mwepesi. Infraredi itaficha kuvu iliyo juu, lakini pale ilipokwisha kula rangi hakuna cha kurudisha. Acha doa lionekane kwenye nakala mama. Kisha rekebisha kabati lenyewe. Pakiti za silika jeli ndani ya kasha linalofungika zinasaidia ikiwa zinakaushwa mara kwa mara. Zikisahaulika zikashiba unyevu, hazikingi kitu.

Miduara ya rangi za upinde wa mvua

Slaidi iko kati ya vioo viwili, na filamu inagusa kioo. Pale uwazi kati yao unapokuwa mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona, mwanga hujigonga wenyewe na kutoa miduara inayoitwa ya Newton. Hakuna programu inayoiondoa bila kuharibu picha. Toa filamu kwenye vioo, iweke kwenye fremu ya plastiki isiyo na kioo. Vaa glavu na ufanyie juu ya trei, maana vioo vya zamani hupasuka. Fremu ya kioo yenye maandishi itunze, au yanakili maandishi yote kabla hujaitupa.

Katikati ni kali, pembeni kuna ukungu

Filamu imepinda ndani ya fremu. Fremu za kadibodi ndizo sugu kwa hili, na kwenye skana zenye kina kifupi cha fokasi kama za Nikon Coolscan kasoro inaonekana wazi. Weka nukta ya fokasi kati ya katikati na ukingo badala ya katikati kabisa. Ikishindikana, hamishia filamu kwenye fremu inayoinyoosha. Ikiwa filamu imejikunja mawimbi na inanuka siki, kitako chake cha asetati, yaani plastiki inayobeba utando, kinaoza. Slaidi hiyo iskani leo kabla ya nyingine zote, na isirudi kwenye kasha lenye slaidi nzima.

Ukungu ukiwa picha nzima, rudi kwenye meza ya mwanga. Huenda aliyepiga ndiye aliyekosa fokasi, au slaidi ni nakala ya nakala. Na kama ni kali kwa lenzi, tazama skana yako. Skana za mezani hutangaza pikseli 6,400 kwa inchi, ila uwezo wake halisi mara nyingi haufiki nusu ya hapo. Skana ya filamu ya pikseli 4,000 kwa inchi hutoa picha ya takriban pikseli 5,670 kwa 3,780, na hiyo inatosha kwa slaidi karibu zote.

Picha imegeuka kushoto kulia

Slaidi iliingia kinyume. Upande wa utando ni ule usiong'aa sana. Lakini usitegemee upande huo peke yake, kwa sababu slaidi zilizonakiliwa zinaweza kuwa kinyume. Tegemea kilichomo ndani ya picha: saini ya msanii, maandishi ya ukutani, kanzu ilivyofungwa. Kwenye milango ya Unguja angalia kizingiti cha juu, kwani mara nyingi kimechongwa aya za Kurani au mwaka wa Hijria. Asiyesoma Kiarabu amwite anayesoma. Michoro ya miambani ya Kondoa haina maandishi wala saini, na mnyama anayetazama kulia ni halali sawa na anayetazama kushoto. Hapo linganisha nyufa za mwamba na picha nyingine za pango hilohilo. Kosa la namna hii likiingia kwenye orodha, hunakiliwa na kila mtafiti anayefuata.

Kingo za mchoro zimekatwa

Dirisha la fremu huwa dogo kidogo kuliko picha ya milimita 24 kwa 36 iliyo kwenye filamu. Isitoshe, maktaba za slaidi zilizoea kubandika tepu ya fedha kuziba ukuta na fremu ya mchoro ili mchoro pekee uonekane kwenye projekta. Ukataji wa moja kwa moja wa programu huchanganywa na tepu hiyo. Uzime, skani fremu nzima, kata mwenyewe baadaye kwenye nakala ya matumizi. Tepu iliyoanza kutoa gundi usiivute ikiwa imefika kwenye picha.

Picha imejaa vidoti au mawimbi ya gridi

Kazi haikupigwa yenyewe, ilipigwa kutoka kitabuni. Walimu wengi wa historia ya sanaa walifanya hivyo kwa kukosa njia nyingine, na lenzi itakuonyesha vidoti vya uchapaji kwenye filamu. Skani kwa ukubwa kamili kisha upunguze. Ukiskani kwa pikseli chache tangu mwanzo, vidoti hugeuka mawimbi. Andika kwamba chanzo ni kitabu, na ukijua ni kipi, kitaje pamoja na ukurasa, kwa sababu suala la haki miliki ya picha hiyo ni tofauti na la picha uliyopiga mwenyewe. Kwa kazi ya jumba kubwa la makumbusho, angalia kwanza kama jumba lenyewe limeshaweka picha bora mtandaoni. Mara nyingi slaidi kama hiyo haistahili muda wako.

Kwangu inang'aa, kwa mwenzangu imepauka

Faili imehifadhiwa kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana, na inafunguliwa na programu inayoichukulia kuwa sRGB, ule wa kawaida wa skrini na mtandao, au haina profaili ya rangi ndani yake. Nakala mama iwe TIFF yenye profaili iliyopachikwa. Nakala ya kutuma na kuweka mtandaoni iwe JPEG iliyogeuzwa kuwa sRGB. Kama bado tofauti ipo, ni skrini. Skrini ya laptopu ambayo haijasawazishwa kwa kifaa cha kupimia haiwezi kuamua ugomvi wa rangi.

Kuanzia picha fulani, majina yote yamesogea nafasi moja

Fremu mbili za kadibodi zilizovimba kwa unyevu ziliingia pamoja kwenye mashine ya kulisha, moja haikuskaniwa, na hesabu ikaruka. Rudi nyuma hadi picha ya mwisho iliyo sahihi. Kosa liko hapo hapo. Kwa siku zijazo, piga picha ya fremu zenyewe, mbele na nyuma, kabla ya kuskani, na kila mwanzo wa trei weka slaidi ya alama yenye namba ya trei. Hesabu faili kila trei ikimalizika.

Picha za fremu zina faida kubwa kuliko kulinda hesabu. Mwandiko wa penseli unaosema mchongaji aliitwa nani, au kinyago kilinunuliwa kijiji gani, mara nyingi haupo popote pengine duniani. Rangi iliyofifia inaweza kurudishwa kwa kiasi. Jina lililotupwa na fremu halirudi.

Tarehe au jina kwenye orodha halieleweki

Orodha inasema mchoro ni wa Edward Tingatinga, mwaka 1983. Yeye alifariki mwaka 1972. Chanzo cha kwanza: 1983 ni tarehe iliyopigwa na maabara kwenye fremu siku filamu iliposafishwa, mtu akaisoma kama mwaka wa kazi. Chanzo cha pili: "Tingatinga" kwenye lebo ilimaanisha mtindo, na mchoraji ni mwingine. Tenga sehemu za rekodi: mwaka wa kazi, mwaka wa kupiga picha, mwaka wa kuskani, msanii, mtindo. Mpangilio wa VRA Core, uliobuniwa na wasimamizi wa makusanyo ya picha za aina hii, hutenganisha rekodi ya kazi na rekodi ya picha yake, nami naupendekeza hata kwa anayetumia jedwali la kawaida la kompyuta. Kosa la mahali ni la aina hiyohiyo. Michoro ya Elimo Njau kanisani Murang'a inaweza kuwa imeandikwa "Fort Hall", na anayetafuta Murang'a hataiona. Weka jina la sasa, na la zamani lililo kwenye lebo lihifadhi kama lilivyoandikwa.

Faili haifunguki, au imefunguka nusu

Diski inakufa, au kunakili kulikatizwa na umeme. TIFF moja ya pikseli 4,000 kwa inchi na biti 16 ni takriban megabaiti 129, kwa hiyo slaidi 5,000 hukaribia gigabaiti 650, na kunakili huchukua saa nyingi. Kukatika katikati ni jambo la kutarajiwa. Tengeneza namba ya uhakiki ya SHA-256 kwa kila faili siku ya kuskani, ihifadhi kwenye orodha, na uilinganishe kila baada ya kunakili. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine. CD za kuandikia nyumbani zilizokaa miaka kwenye joto zihamishe sasa. Faili ikishindikana kabisa, slaidi iskaniwe upya. Ndiyo maana baada ya kuskani inarudi kwenye kasha lake, mahali pakavu na penye baridi, namba ya faili ikiwa imeandikwa kwenye fremu kwa penseli.